TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA: MKOPO WA ASILIMIA 10 SI POSHO YA KAMPENI



  

Tangu Jumatatu kuna ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye makundi yetu ukisema uongozi wa tawi umewatupa makada. Aliyeurekodi analalamikia mambo matatu. Kwanza, kikundi cha vijana kilichoundwa na wenzetu hapa tawini hakikupita kwenye maombi ya mkopo wa halmashauri. Pili, kikundi cha akina mama washonaji wa kule bondeni, ambacho mwenyekiti wake kila mtu anajua ni wa chama kingine, kimepata. Tatu, mwenyekiti na katibu wa tawi walitakiwa kupiga simu moja tu na jambo lingekwisha, lakini wakakaa kimya.

Hatutamtaja jina. Sauti yake mmeshaitambua na yeye mwenyewe anajijua. Mawili ya kwanza ni kweli kabisa. La tatu ni kweli pia, kwa maana kwamba simu hatukupiga, na tunawaambia mapema kwamba hata dirisha lijalo la maombi hatutapiga. Sababu tunazieleza hapa. Ni ndefu, mtuvumilie; angalau maandishi hayali bando kama sauti ya dakika saba.

*FEDHA HIZI NI ZA NANI*

Mkopo huu unatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Zamani kulikuwa na maelekezo ya kutenga fedha za wanawake na vijana, lakini halmashauri ikitenga ilitenga, isipotenga hakuna wa kuiuliza. Sasa ni sheria, na mtu yeyote wa mtaa huu anaweza kuinuka akauliza.

Mapato ya ndani yanatoka wapi? Yanatoka kwa mama wa mchicha anayelipa ushuru wa meza kila asubuhi. Yanatoka kwenye leseni ya duka, ushuru wa huduma, kibali cha kujenga. Yule kijana anayekusanya ushuru sokoni akifika kwenye meza haulizi kadi ya chama, anauliza hela. Akina mama wa bondeni wamelipa ushuru huo miaka yote. Wakati wa kuingiza hatukuwabagua, sasa wakati wa kutoa ndiyo tukumbuke kwamba si wenzetu? Daftari la mapato la halmashauri halina safu ya chama. Na daftari la mikopo nalo haliwezi kuwa nayo.

Wapo watakaosema: lakini sisi ndio tuliotembea juani kutafuta kura Novemba 2024, mwenyekiti wa mtaa ni wa kwetu, wajumbe ni wa kwetu, basi na matunda yawe ya kwetu. Ndugu zetu, kura zile tuliziomba kwa ahadi. Tulisimama kwenye viwanja vya mtaa huu tukasema tutasimamia mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hakuna mkutano hata mmoja ambao tulisema "wa chama chetu peke yao". Kama kuna aliyesema hivyo jukwaani, atuletee video.

*HESABU NDOGO*

Wengi wanaougombania mkopo huu hawajawahi kukaa na kalamu wakajua ni kiasi gani hasa wanachokigombania. Tupige mfano, si hesabu halisi ya manispaa yetu. Tuchukue halmashauri yenye mapato ya ndani ya Sh bilioni 5. Asilimia 10 ni Sh milioni 500. Wanawake wanapata milioni 200, vijana milioni 200, watu wenye ulemavu milioni 100. Ikiwa ina kata 20, na kila kata ikapata sawa, ni milioni 25 kwa kata kwa mwaka. Kata ikiwa na mitaa mitano, ni milioni 5 kwa mtaa mmoja, makundi yote matatu kwa pamoja.

Milioni tano. Hiyo haizidi bei ya bodaboda mbili mpya. Ndiyo fedha inayotufanya turekodiane sauti usiku wa manane.

Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba mkopo huu utawainua makada wote wa tawi. Hautoshi hata kwa robo yao. Unachoweza kufanya ni kitu kimoja, nacho ni kikubwa: kuzunguka. Fedha hizi zikirejeshwa zinarudi kukopeshwa wengine. Mtaa ukipewa milioni 10, zikarudi zote baada ya mwaka, zikatoka tena, zikarudi tena, ndani ya miaka mitano zimefanya kazi ya milioni 50. Lakini kila mzunguko ikirudi nusu tu, mwaka wa kwanza ni milioni 10, wa pili 5, wa tatu 2.5, wa nne 1.25, wa tano haifiki hata laki 6 na nusu. Jumla yake ni milioni 19 na ushee. Tofauti hiyo ya milioni 30 haikuibwa na mtu kutoka mbali. Imeliwa hapa hapa, na watu tunaosalimiana nao.

*TULISHAPITA HUKO*

Mmesahau mwaka 2023? Mwezi Aprili mwaka ule Serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni hayajarejeshwa, vikundi vingine havionekani, na vingine shughuli zao zimekufa. Utaratibu ukatazamwa upya, halmashauri 10 zikateuliwa kwa majaribio ya kukopesha kupitia benki, nyingine zikaendelea zenyewe kwa masharti mapya, na fedha zikaanza kutoka tena mwaka wa fedha 2024/25. Katikati hapo ni zaidi ya mwaka mzima ambao mama mwenye kikundi safi, mwenye daftari safi, aliyerejesha mpaka shilingi ya mwisho, alikosa kwa sababu ya walioandika majina ya kutunga mahali ambako hata hajafika.

Na mama huyo alikwenda wapi katika mwaka huo? Mnajua. Alikwenda kausha damu.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye uchungu wenyewe. Masharti ya Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni yanaweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kausha damu hana leseni, hana bango, ana daftari la shule na simu mbili. Anakupa laki 2, unarejesha elfu 8 na 700 kila siku kwa siku 30. Ukizidisha haraka haraka unaona ni elfu 8 tu, si kitu. Zidisha vizuri: ni 261,000. Hiyo ni riba ya asilimia 30 na nusu kwa mwezi mmoja, na kwa kuwa unarejesha kila siku, wastani wa hela yake uliyokaa nayo mkononi haukufika hata laki na kumi. Siku ukikosa, anakuja na wenzake, wanabeba godoro, wanabeba jiko la gesi, wanabeba cherehani. Kwenye mtaa huu tumeona vitanda vikitolewa nje mchana kweupe. Wapo wanaume waliorudi kutoka safari wakakuta nyumba haina friji na mke haeleweki yuko wapi.

Sasa mtu akichukua mkopo usio na riba wa halmashauri akaenda kuufanyia sherehe au kulipia gari, asidhani kwamba amemla Serikali. Amemla mama wa genge ambaye angekopeshwa baada yake. Amemsukuma kwa kausha damu kwa mikono yake mwenyewe. Kada anayefanya hivyo hana tofauti na yule mwenye daftari na simu mbili, isipokuwa yeye anavaa sare yetu.

*KWA NINI KIKUNDI CHA WENZETU HAKIKUPITA*

Tumeulizwa, tunajibu. Hatutaji majina, ila wahusika wamo humu na wanaruhusiwa kutusahihisha kwenye kikao.

Kikundi kiliandika shughuli yake ni ufugaji wa kuku wa mayai. Afisa maendeleo ya jamii alipokuja kukagua hakuonyeshwa banda, alionyeshwa kiwanja. Kiwanja chenyewe ni cha mtu mwingine. Kati ya wanakikundi, wawili wanaishi kata nyingine, na watatu ni watoto wa baba mmoja. Kikundi kilifungua akaunti ya benki wiki mbili kabla ya maombi, hakina hata akiba ya elfu 50. Alipoulizwa mwanakikundi mmoja kuku mmoja wa mayai anakula gramu ngapi za chakula kwa siku, alicheka. Jibu ni kama gramu 110 hadi 120, na anayejua hilo anajua pia kwamba kuku 200 wanamaliza karibu kilo 24 kwa siku, hivyo mfuko wa kilo 50 haufiki siku tatu. Anajua kwamba kifaranga anakula miezi minne hadi mitano kabla hajataga yai la kwanza. Mtu asiyelijua hilo, ukimpa mkopo wa kuanza kurejesha baada ya miezi mitatu, umemfunga kitanzi.

Akina mama wa bondeni je? Wanashona sare za shule. Wameanza na vyerehani viwili vya kukanyaga barazani kwa mmoja wao, tangu kabla hata hawajajua kuna mkopo. Wana kikundi cha kuweka na kukopa chenye daftari linaloeleweka: nani kaweka, nani kakopa, nani kachelewa na faini yake. Wana wateja kabla ya fedha. Januari kila mzazi wa mtaa huu, wa chama chochote, alipita pale kupima mtoto. Tuwaambie ukweli: hata katika sisi tunaoandika taarifa hii wapo ambao watoto wao wamevaa sare zilizoshonwa bondeni, na mishono haijafumuka.

Tungepiga simu tuseme nini? "Mnyime mwenye cherehani, mpe mwenye kiwanja cha kuazima"? Na mwakani marejesho yakikosekana, mtaa ukaandikwa kwamba haulipi, sauti nyingine ingerekodiwa kutulaumu.

*MCHUJO UFANYIKE MTAANI, HADHARANI*

Huu ndio msimamo wa tawi, na ndio sababu kubwa ya kuandika. Ugonjwa wa mikopo hii hauko kwenye sheria. Uko kwenye faragha. Jina la kikundi linatoka chumbani, linapita ofisini, linafika halmashauri, fedha zinaingia benki, na majirani wanakuja kusikia baada ya mwaka kwamba "kumbe na fulani alipewa". Afisa maendeleo ya jamii ni mmoja kwa kata nzima, ana vikundi, ana kesi za watoto, ana vikao. Hawezi kujua kwamba mwenyekiti wa kikundi alihama mtaa kitambo. Jirani anajua. Muuza genge anajua nani analipa deni na nani anapita njia ya nyuma. Mwenye nyumba anajua. Ukitaka kujua kama mtu anakopesheka, mtaa una majibu yote bila kuandika barua hata moja.

Kwa hiyo tumemwomba mwenyekiti wa mtaa, na tunaendelea kumbana kwa heshima zote, kwamba kabla ya vikundi vya mtaa wetu kwenda kata, majina ya vikundi, wanakikundi, shughuli yao na kiasi wanachoomba yasomwe kwenye mkutano wa wakazi na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mkutano wa wakazi, tumesema, si kikao cha tawi. Waje wa vyama vyote na wasio na chama. Mwenye pingamizi aseme pale pale kwa hoja. Na fedha zikitoka, ubao huo huo uonyeshe nani kapata kiasi gani na amerejesha kiasi gani kila mwezi.

Kuna waliotuambia kubandika marejesho ni kudhalilishana. Tunawauliza: VICOBA vyetu vinasomaje? Kila wiki mnakaa duara, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, kila mtu anasikia wa jirani yake. Hakuna aliyekufa kwa aibu, na ndiyo maana vikundi vile vinafika mwisho wa mwaka vikagawana. Fedha ya wanachama ishirini isomwe kwa sauti, halafu fedha ya mtaa mzima iwe siri?

Chama hakigongi muhuri kwenye fomu za mkopo. Tawi halina kifungu chochote cha sheria kinacholipa mamlaka hayo. Mwanachama akija kutuomba barua ya "utambulisho wa kada" aipeleke kwa afisa, hatutaiandika. Barua ya makazi inatoka kwa mtendaji wa mtaa, na hapo ndipo mahali pake. Na ikija kutokea mjumbe yeyote wa shina anamtoza mtu hata elfu 5 "ya kusukuma jina", tuleteeni habari. Hatutangoja kikao cha kawaida.

*ASILIMIA 2 AMBAYO HAKUNA ANAYEIPIGIA KELELE*

Katika sauti ile ya dakika saba, watu wenye ulemavu hawakutajwa hata mara moja. Tumeisikiliza mara mbili tukihakikisha.

Mtaa wetu una fundi viatu anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu, pale karibu na msikiti. Una binti kiziwi anayesuka nywele kuliko saluni zote za barabara kuu, na anasuka uwani kwa sababu hana fremu. Una watu waliomo ndani ambao majirani hawajui kama wapo. Asilimia 2 ni haki yao, iko kwenye sheria ile ile tunayoikariri. Kama hawaombi, si kwa sababu hawana biashara. Hakuna aliyewapelekea taarifa kwa lugha ya alama, ofisi ya kata ina ngazi, na mkutano unatangazwa kwa spika. Tumewapa jukumu hili wajumbe wawili wa kamati ya siasa ya tawi: wapite nyumba kwa nyumba kabla ya dirisha lijalo, na waende na mtu anayejua alama. Wakishindwa kumpata mtu wa alama, yule binti mwenyewe ana mdogo wake anayetafsiri vizuri.

*ZIPO FEDHA KUBWA KULIKO MKOPO*

Tulisema milioni tano kwa mtaa ni kidogo. Sasa tazameni upande mwingine ambao hamuurekodii sauti.

Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee, watu wenye ulemavu. Asilimia 30 ya manunuzi! Madawati, sare, usafi wa zahanati, chakula cha semina, uchapaji, matengenezo ya milango. Kikundi kinachotaka kuingia huko lazima kisajiliwe na kijiunge kwenye mfumo wa NeST, ambao zabuni za Serikali sasa zinapita humo. Hapa tawini ni vikundi vingapi vimejisajili? Kuna seremala wanne kwenye barabara moja, kila mmoja na randa yake na deni lake, na dawati la shule yetu wenyewe linakuja kwenye lori kutoka mji mwingine. Hao wanne wakikaa pamoja, wakasajili kikundi kimoja, wanaweza kuchonga madawati 100. Mmoja mmoja watabaki kurekebisha vitanda.

Mnakumbuka mwaka 2021, fedha za mkopo nafuu wa UVIKO-19, Sh trilioni 1.3, na madarasa 15,000 yaliyojengwa nchi nzima kwa miezi michache. Mengi yalijengwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida chini ya kamati za shule. Pale ambapo kamati ilikuwa macho, fundi wa mtaa alijenga, kijana wa mtaa alibeba zege, mama lishe wa mtaa alipika, na saruji ilitoka duka la jirani. Pale ambapo kamati ililala, fundi alikuja na watu wake na masufuria yake, akajenga, akaondoka na kila kitu isipokuwa jengo. Kamati za shule na za zahanati mwaka huu zina wajumbe wetu. Hao ndio wa kuwapigia simu, na waulizwe swali moja: fundi anatoka wapi?

Na sisi wenyewe Chama. Kila kikao cha tawi kuna maji, chai, vitafunwa, viti, turubai, wakati mwingine fulana na mabango. Kuanzia mwezi huu tawi halitanunua nje ya kata kitu kinachopatikana ndani ya kata. Chai na vitafunwa vitapikwa na mama lishe wa mtaa kwa zamu, viti na turubai vitakodiwa kwa vijana wa pale stendi, fulana zitachapwa na kijana mwenye mashine yake nyuma ya soko. Stakabadhi itatolewa hata ya maandazi ya elfu 6, na mapato na matumizi yatabandikwa humu kila tarehe 5. Atakayesema mabango ya mjini yanang'aa zaidi, achangie tofauti ya bei kutoka mfukoni.

Kuna jambo jingine dogo lakini linatuchafua. Wapo wenzetu wenye vyeo, wengine vya shina, wengine vya jumuiya, wanaochukua vitu kwenye magenge kwa daftari na hawarudi kulipa. Mwenye genge anaogopa kudai kwa sababu mdaiwa ni "kiongozi". Chapati mbili kila asubuhi kwa elfu moja ni elfu 30 kwa mwezi. Kwa mama mwenye mtaji wa laki na nusu, hiyo ni sehemu moja ya tano ya mtaji wake uliohamia tumboni kwa mtu mmoja. Huwezi kusimama jukwaani kuzungumzia kuinua wajasiriamali huku jina lako liko kwenye daftari la mama chapati. Mwisho wa mwezi huu kila kiongozi wa tawi na wa shina awe amelipa madeni ya namna hiyo. Tutapita kwenye magenge na kuuliza wenyewe, na hatutauliza kwa kunong'ona.

*KWA KIKUNDI CHA KUKU*

Hatujawafungia mlango. Dirisha likifunguliwa tena, nafasi ipo, na wanayo haki ya kuomba kama wakazi wengine. Tumezungumza na mfugaji mmoja wa kata ya jirani, mwenye kuku zaidi ya 300, amekubali kuwapokea vijana watatu wakae naye asubuhi na jioni kwa miezi miwili bila malipo, wajifunze chanjo, chakula na kutunza kumbukumbu. Waanze na kuku 20 wa fedha zao wenyewe. Wenye kuhama kata watoke kwenye orodha, wabaki wa hapa. Katibu yuko tayari kuwafundisha daftari la mapato na matumizi kila Jumatano baada ya saa 12 jioni, kwenye ofisi ya tawi. Waje na kalamu, na waje wenyewe wanakikundi, si msemaji wao wa kwenye simu.

Na aliyerekodi sauti, kama ana ushahidi kwamba kuna kiongozi wa tawi aliyepokea kitu kutoka kwa akina mama wa bondeni, aulete kikaoni. Nasi tutaleta daftari la tawi na taarifa ya benki, miezi 12 yote.

Kikao cha wanachama wote ni Jumamosi saa 10 kamili alasiri, ofisi ya tawi. Ajenda ni tatu: majina ya wajumbe watakaoambatana na mtendaji kutangaza mkutano wa wakazi, orodha ya mafundi na mama lishe wa kila shina, na usajili wa vikundi kwenye mfumo wa zabuni, ambapo kijana wetu mmoja anayejua atakuja na kompyuta. Kila mjumbe wa shina aje na orodha ya biashara zilizomo kwenye shina lake, ndogo na kubwa, bila kuangalia mwenye biashara ni wa chama gani. Chai ya siku hiyo itapikwa na kikundi cha shina namba 4. Tumeshawalipa nusu, nusu watapewa wakimaliza.

Tafadhali msijibu kwa sauti humu. Mwenye hoja aandike, au aje Jumamosi.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi